Mkwaju Wangu Uko Ipililo

Gunia la katani lililolowa tope na mavi ya ng'ombe lina harufu yake. Wengine inawakera. Mimi juzi ilinisimamisha uani kwangu hapa Bariadi kama mtu aliyeitwa jina. Mjukuu wangu alikuwa ameleta miche ya mikwaju aliyoing'oa porini, mizizi mitupu bila kiriba, kaifunga kwenye gunia lililoloweshwa ili jua lisiione. Nilimfundisha mimi. Na mimi nilifundishwa na guku, babu yangu mzaa mama, ingawa siku ile sikuwa najifunza chochote. Nilikuwa naona wivu.

Shule nilisoma kidogo sana, lakini nyumba ninayolala na mashine ya kusaga iliyo mbele yake ni jasho langu, kwa hiyo sina haja ya kuwapambia maneno. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Mama akarudi kwao Sola, akaja na mimi. Pale kwa guku walikuwepo watoto wa mjomba, na mmoja wao alikuwa Limi, msichana wa rika langu, mwenye mdomo.

Mvua za kwanza zilipolainisha udongo, guku aliingia kwenye ngitili, lile pori tunalolifunga ili ng'ombe wapate majani kiangazi, akarudi na miche iliyojiotea chini ya mikwaju mikubwa. Mashimo yalikuwa yameshachimbwa. Mizizi aliichovya kwenye uji wa udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe. Majani akayapunguza kwa kisu, akisema mti uliohama hauwezi kulisha watoto wote. Halafu akaushika mche pale pale udongo ulipokuwa umeishia zamani, usizame wala usielee, akaufukia na kuukandamiza kwa kisigino.

Kila mtoto wa mjomba aliitwa jina, akapewa mti wake. Mimi nilikuwa nimekwisha kunyoosha mikono. Guku akalikung'uta gunia, halikuwa na kitu.

Limi hakunisubiri hata ninawe tope. "Wewe mgeni. Mgeni hapandi mti kwenye mji wa watu."

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe nilipewa. Mti sikupewa.

Kiangazi kilipofika, kumwagilia kukawa kazi yetu sote. Tulifukua mchanga mtoni mpaka maji yatoke, tukajitwisha ndoo. Guku alikuwa amefukia chungu chenye tundu kando ya kila mti, maji yadondoke kidogo kidogo. Nilijaza chungu cha Limi huku mwenyewe amekaa kivulini ananisimamia.

"Polepole, wewe. Utaukanyaga mtoto wangu."

Nilimwomba Mungu alete mbuzi. Mungu akaleta mbuzi, naye akapenya kwenye uzio wa miiba, akala kilele chote cha mti wa Limi. Nililala na raha. Mvua iliporudi, mti ukachipua matawi mawili pale ulipoliwa, ukapendeza kuliko ya wengine yote. Tangu hapo nachunga sana ninachoomba.

Nilimuuliza mama akipepeta mtama, "Mayu, guku hanipendi?"

"Nyamaza. Guku anajua anachofanya."

Jibu gani hilo kwa mtoto.

Msimu uliofuata guku alichovya mche mmoja tu, akaufunga kwenye gunia, akanipakia nyuma ya baiskeli yake niupakate. "Tunaenda kwa baba yako, Ipililo." Nikajua nafukuzwa. Wenzangu miti yao iko mlangoni, wangu unapelekwa mbali nisikouona hata ukikauka. Nililia njia nzima. Guku alisimama kila tulipopata maji, akalowesha gunia, akapanda tena.

Tulipofika alisalimiana na baba zangu wadogo, akachimba shimo katikati ya shamba la marehemu. Akamwita mama mmoja jirani aliyekuwa akipalilia. "Mama, njoo uone mtoto anapanda mti kwao." Akanipa niushike mwenyewe. Baba zangu wadogo walitazamana. Yule mama ndiye aliyeachiwa kazi ya kumwagilia.

Nilikuja kuelewa nikiwa na watoto wangu. Kwetu aliyepanda mti ndiye mwenye ardhi. Ng'ombe wa mahari ya mama walikuwa bado kwenye zizi la guku, hawakurudishwa kwa kina baba, kwa hiyo mimi nilikuwa wa Ipililo. Angenipandia mti Sola, angekuwa ametangaza kwamba sina kwetu, na shamba la baba lingemezwa mchana kweupe. Baadaye baba zangu wadogo walitaka kweli kuliuza. Wazee wa kijiji wakauliza mkwaju ule kaupanda nani, na yule mama, macho yameshafifia, akaninyooshea fimbo. Pamba niliyolima pale ndiyo iliyoninunulia mashine ya kwanza.

Mtadhani wivu uliisha. Haukuisha. Nikifika Sola nikaiona ile mikwaju imejipanga mbele ya mji wa mjomba, naihesabu mmoja mmoja kama mtoto, na wangu haumo. Kichwa kimeelewa, lakini moyo haukwenda shule.

Mwaka jana nilikaa na Limi chini ya mti wake, tunamenya ukwaju wa uji. Nikamwambia wazi, kwa umri wetu huu, kwamba nilimwonea wivu mpaka nikamwombea mbuzi.

Hakucheka. "Sisi guku alitugawia miti asubuhi moja kama anagawa viazi," alisema. "Ile baiskeli yake, mimi hakunipandisha hata siku moja. Siku mlipoondoka nililia mpaka mama akanichapa."

Nilimpa pole, maana ni dada yangu. Lakini sitawaficha. Nilirudi Bariadi jioni ile nikiwa na furaha ambayo hata mashine haikuwahi kunipa.