Usitoe Casque, Mama

Nianze na matusi niliyotukanwa, maana ndiyo yaliyonifikisha hapa. Mtu mmoja aliandika chini ya video ya tatu ya chaîne yangu ya mtandaoni: "Huyu motari anatuonyesha kuku na vidole vya miguu. Sura za watu amezificha wapi?" Mwingine akaongeza: "Chaîne ya miguu!" Jina likashika. Hata kwenye parking yetu ya Bulengera, pale tunapongojea abiria na pikipiki zetu, motari wenzangu waliacha kuniita kwa jina langu. "Monsieur Miguu, kuko mutu anaenda ku soko!" Nilichemka. Nilitaka kumpiga mtu, mais nimpige nani, wote walikuwa wanacheka.

Na walikuwa na haki, ndilo jambo lililoniuma zaidi.

Kamera yangu ni ndogo, naifunga juu ya casque, kofia ngumu ya pikipiki, kwa ukanda wa chambre à air ya zamani, mpira wa ndani wa gurudumu, kwa sababu njia ya Butembo kwenda Beni haiheshimu gundi ya mtu yeyote. Asubuhi naiwasha, navaa casque, nasema humo ndani: "Bonjour la famille, leo tunashuka Beni!" Na familia, yaani watu wanaonifuata kwenye simu zao, wanaona ninachoona mimi. Wanaona mikaratusi ya Butembo kwenye baridi, malori yenye makabichi mpaka juu, mteremko wa Kabasha, vumbi, halafu Beni na kakao iliyoanikwa mbele ya nyumba. Harufu ya kakao kamera haiwezi, hiyo naisema mimi kwa mdomo. Sijisifu, mais njia najua kuisimulia.

Shida ilikuwa watu. Nikikutana na mtu mzima, natoa casque. Sifikirii, mkono unakwenda wenyewe. Mama alitulea hivyo: "Unasalimia mutu mukubwa na chungu ku kichwa? Unamutukana!" Basi naitoa, naibana tumboni, nainamisha kichwa, naamkia "Wabukire," na muda wote huo kamera inaangalia chini. Mwalimu wangu wa zamani, niliyemtafuta mwezi mzima ili aongee kwenye video: viatu viwili vyeusi. Mama mmoja wa Maboya anayeuza matunda ya maracuja na ambaye hakuna anayemshinda kwa kuchekesha: kandambili moja ya buluu, moja ya kijani. Kicheko chake unakisikia chote. Sura yake, zero.

Siku moja nikasema leo sitoi, potelea mbali. Nikamkuta mzee katekista, aliyenifundisha sala nikiwa mdogo, amesimama mbele ya kanisa. Nikamwamkia na casque yangu kichwani. Aliniangalia, akaiangalia kamera, akageuka, akaingia ndani bila kujibu hata neno moja. Nilifuta ile video pale pale barabarani. Haya iliniwaka mpaka kwenye masikio. Tangu siku ile nikasema basi, niwe Monsieur Miguu, sitakufa.

Sasa nimwingize mama, maana bila yeye hii chaîne yangu ingekuwa vumbi tu.

Mama yangu ni mzaliwa wa Mangina, magharibi ya Beni, aliolewa huku Butembo. Dada yake mkubwa, ambaye yeye anamwita yaya na sisi watoto tunamwita mama mukubwa, alibaki kule na shamba lake la kakao. Wakati wa Ebola mama alikuwa amekwenda kumtembelea, na ugonjwa ukawakuta kule kule. Majuma yakapita wakiongea kwa mbali, kila mmoja kwenye mlango wake. Siku mama alipopata njia ya kurudi, waliagana hivi: mama mukubwa mlangoni, mama kwenye kijia, na katikati yao ndoo ya njano yenye robinet, bomba dogo, ile ya maji ya dawa ya kunawa. Hakuna aliyemgusa mwenzake.

Hilo mama hakulisahau. Angekuwa anatwanga majani ya sombe, au anakunja nguo, ghafla tu: "Ata mukono sikumupatia. Tuliachana sawa batu benye waligombana." Kisha usalama ukaharibika, kila mtu akawa na habari mbaya ya kusimulia kuhusu ile njia, na mama akaapa kwamba hataipita tena. Mama mukubwa naye goti lake lilikwisha kumkataa, hawezi safari. Kila Jumapili baada ya misa wanapigiana simu.

"Utakuya lini?"

"Njia, yaya. Ni njia."

Miaka yote, maneno ni hayo hayo. Nilimwomba nimpeleke mara ngapi? Hapana. Nikakasirika, naye akakasirika zaidi, sisi wawili tuna damu moja.

Halafu Jumapili moja ya mvua alichukua simu yangu mezani na kuniuliza: "Papa," maana ndivyo anavyoniita mimi mwanawe, "weye unasemaka na nani mule ndani ya casque?"

"Na watu, mama. Wananiangalia."

"Batu gani? Uko peke yako ku moto, ku pikipiki. Mutu mwenye kusema peke yake, banamupelekaka fasi gani?"

Mais simu hakurudisha. Aliangalia Butembo yote, akaangalia mpaka Maboya, midomo ameibana. "Rudisha nyuma." Nikarudisha. "Ile daraja, balitengeneza?"

"Walitengeneza, mama."

Akafuta kioo cha simu kwa kidole. "Endelesha."

Tangu siku ile, nikirudi nyumbani, hata kabla sijavua viatu, alikuwa ananyoosha mkono: "Leta njia." Hakusema leta video. Leta njia. Alikaa kwenye kiti chake karibu na makaa, miwani puani, akapita njia yote kwa jicho, shimo kwa shimo. Na mimi, bila kupanga, nikaanza kuongea naye humo ndani ya casque. Nikaacha bonjour la famille. Nikasema: "Mama, unaona hapa, lori lilizama juzi, sasa wameweka mawe. Mama, hapa baridi inaishia, ungetoa tricot ya baridi." Familia kule kwenye simu ikaanza kuuliza: huyu mama ni nani, na anakwenda wapi? Nami sikujua kama anakwenda.

Ikafika siku akaniambia, kama mtu anayeuliza habari ya chumvi: "Beni nimeona. Nyuma ya Beni kuko nini?"

Nilielewa. Asubuhi iliyofuata niliondoka mapema, nikapita Beni, nikaingia njia ya Mangina. Mama mukubwa nilimkuta mbele ya mlango wake, na nilipozima pikipiki akainuka kwa fimbo, anaita jina langu la utotoni. Unadhani nilifanya nini? Nilitoa casque. Bien sûr nilitoa.

Niliporudi nyumbani sikuwa na raha. Sura moja tu mama aliitaka katika dunia nzima, na mimi nimemletea miguu. Nilimwambia mapema: "Mama, nisamehe. Mama mukubwa haonekani." Hakunisikia. Kwenye simu kulikuwa na ua, kuku, ndoo ya njano kando ya mlango, na miguu miwili mitupu yenye vumbi. Akaileta simu karibu na pua.

"Kidole," alisema. "Ile kidole kidogo ya kushoto, yenye kulala juu ya mwenzake. Ni jembe yangu ilimukata, tulikuwa batoto. Yaya alimudanganya baba asema ni jiwe, juu wasinipige."

Alilia. Sijui kama alilia kwa dakika moja au kumi. Kisha akajipangusa na kitambaa cha kichwa, akaanza kucheka, na machozi bado yanatoka. "Na ile ndoo! Yaya hatupake kitu! Anaifanyia nini?"

"Anawekea kuku maji."

"Aka! Kuku!" Akazima simu mwenyewe, kitu ambacho siku zote alisema hakijui. "Samedi unanipeleka."

Jumamosi ilipofika nilimvisha casque yenye kamera, mimi nikavaa ile nyingine. Nilimfunga kamba chini ya kidevu kama anavyofungwa mtoto. "Mama, leo kamera iko ku kichwa yako. Ndiyo siku yako. Nakuomba kitu kimoja tu. Tukifika, usitoe casque. Nataka sura ya mama mukubwa mara moja tu, hawa watu waache kunitukana."

"Sitatoa."

"Kweli?"

"Nimesema sitatoa! Washa moto, jua inapanda."

Sijawahi kubeba abiria wa namna ile. Alikuwa anaendesha yeye, mimi nashika usukani tu. "Kushoto! Hapa kuko shimo. Polepole, fasi hii uliruka mu video, niliona." Malori yalikuwa yanatupisha, makonvoya, vijana wanaopanda juu ya mizigo, wanapiga miluzi, naye anawapungia mkono. Kwenye Kabasha nikasikia vidole vyake vimekamata koti langu. Beni alitoa tricot, akaifunga kiunoni. Mpaka hapo kila kitu ni sawa.

Kutoka Beni kuna barrière, kamba ya askari iliyofunga njia. Nilisimama mbali kidogo, nikaifunika kamera na soksi, kama ninavyofanya siku zote. Askari hupigi picha, kama unaipenda kamera yako. Huyu alikuwa kijana, amechoka na jua. Akatuuliza tunakwenda wapi, kisha akasema motari wawili wamegeuza asubuhi ileile, wameogopa. "Leo kuko salama. Mais ni nyinyi kuchagua, mama. Munaweza kurudi nyuma."

Nilisikia mama anageuka kuangalia tulikotoka. Nikageuka, na neno lililonitoka lilinichoma kulisema: "Mama, turudi?" Nilijua tukigeuza hapo, imekwisha. Hatapanda tena, na hawataonana tena, hawa wawili, mpaka mmoja aitwe kumzika mwenzake.

Askari alimuuliza, kwa upole kabisa: "Mama, njia unaijua?"

"Naijua," mama alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ikakua. "Kuko kilima, kisha nyumba ya masomo yenye bati mupya. Kuko muti ilianguka, unapita kuume. Kisha batu banaanika kakao mpaka ndani ya njia, unapiga honi. Kisha kwa yaya yangu."

Askari akacheka, akanyanyua kamba. "Pita, mama. Unaijua kunishinda." Nikatoa soksi. Nikaongeza moto, na nyuma yangu mama yangu, mwanamke wa kupika na kulima, alipiga kelele za furaha kama kwenye arusi. Nilijivunia mpaka nikashindwa kuona njia vizuri.

Kilima kilikuwapo. Bati mpya, mti, kakao, nikapiga honi. Mama mukubwa alikuwa amekaa mbele ya mlango tangu alfajiri, jirani alituambia baadaye. Akainuka na fimbo yake. Mama akashuka, na mkono wake, nauona, unapanda kwenye kidevu, unafungua kamba.

"Mama, casque! Mama! Ulisema nini?"

Hakugeuka hata. "Sasa nimusalimie yaya yangu na chungu ku kichwa?"

Loo! Nilitaka kulia kwa hasira, nikajikuta nacheka, kisha kulia kukaja kwenyewe na hasira haikuwamo. Kwa hiyo mimi sikuona vizuri. Kilichobaki ni kile kamera ilichokiona.

Viatu vya mama vinatembea. Vinafika kwenye ndoo ya njano, vinaipita. Miguu miwili mitupu inakuja, kidole kimelala juu ya mwenzake, fimbo inaanguka chini. Viatu na miguu vinakaribiana, vinakaribiana, mpaka hujui kipi ni cha nani. Halafu, kho! Dunia inapinduka. Mbingu, majani ya kakao, jicho la kuku mkubwa anayedonoa kamera. Na juu ya hayo yote sauti mbili za wanawake wazee, wanapiga kelele, wanacheka, wanashukuru "Wasingya! Wasingya!", wanataja jina la mama yao, wanaanza kugombana juu ya nani amekonda zaidi.

Niliitoa video vile vile, sikukata hata chembe ya vumbi. Yule mtu wa kwanza aliyenitukana aliandika: "Monsieur Miguu, nimelia ndani ya taxi." Wengine wakaandika majina ya watu wao walioachana nao hivyo hivyo wakati ule, bila mkono. Mama mmoja wa Luofu akaandika kwamba kesho anakwenda kwa mdogo wake. Wenzangu wa parking walinibeba juujuu kwenye tope, na jina la Monsieur Miguu sasa nimelipaka rangi nyekundu nyuma ya pikipiki, mimi mwenyewe, herufi kubwa.

Isipokuwa jambo moja. Kioo cha kamera kilipata mkwaruzo siku ile. Ukiangalia video zangu utauona, mstari mdogo kuume, hata angani. Nilipougundua nilipandwa na hasira zangu zile, nikamfuata mama pale anapochagua maharagwe. "Mama, nilikuomba usitoe casque, ukatoa. Haya, nimenyamaza. Mais kuitupa chini, juu ya mawe! Ulishindwa kuishika?"

Aliacha maharagwe, akaniangalia kama mtu asiyeelewa swali.

"Papa," alisema, "ningeikamata na mukono gani?"