Ruhusa ya Kwenda Kuzika

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, wewe unayeanza kazi niliyoifanya mimi, ingawa ningependa niisahau. Nilikuwa afisa utumishi kijana katika kiwanda cha kamba za katani hapa Tanga, nimetoka chuoni na cheti kipya, kichwa kimenivimba. Miezi sita nilijifungia ofisini nikiandika utaratibu wa ruhusa: za ugonjwa, za uzazi, za msiba, zote ndani ya kitabu kimoja. Sikumwuliza mfanyakazi hata mmoja. Niwaulize nini watu wa mashine, na mimi ndiye niliyesoma? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini mimi nilidhani kunguni wanafundishwa chuoni.

Wiki ya pili tu tangu kitabu kianze kutumika, saa mbili asubuhi, akaja dirishani Bakari, fundi wa mashine ya kusokota kamba, mtu wa Mwera huko Pangani. Mama yake alikuwa amefariki alfajiri. Nikampa pole, tena ya dhati, kisha nikampa fomu. Fomu ilitaka sahihi ya msimamizi wake, kisha ya meneja, kisha yangu. Meneja alikuwa ametoka kwenda mashambani. Bakari, mtu mtiifu yule, akakaa kwenye benchi akasubiri. Meneja alirudi saa nane na nusu.

Barabara ya Pangani siku zile ilikuwa mashimo matupu. Bakari alipofika kwao, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Walimngoja mpaka Alasiri, wakaona hawawezi kumweka maiti zaidi. Mwana wa kiume wa pekee, hakuwahi kumshusha mama yake kaburini.

Habari zilipotufikia, Bi Mwanaidi, mama mtu mzima aliyekuwa mkuu wa masjala, alinifuata mezani kwangu. Nikamwamkia shikamoo. Badala ya marahaba akaniuliza:

"Zaina, kwenu Makorora maiti humngoja meneja?"

"La, Bi Mwanaidi."

"Mwislamu wewe, umezaliwa na kulelewa papa hapa, wajua mtu huzikwa siku ileile. Sasa hiyo fomu umewaandikia watu gani?"

Nililia, mwanangu, wala sioni haya kusema. Yote hayo niliyajua tangu utotoni, nikayaacha mlangoni nilipoingia ofisini. Maji yakimwagika hayazoleki. Bi Mwanaidi akanichukua mpaka Mwera kwenye khitma, nikamwomba Bakari radhi mbele ya nduguze.

Akaniambia, "Radhi nimekupa, dada. Ila ukitaka kweli moyo wangu utulie, nikirudi kazini njoo getini asubuhi, utusikilize."

Nikaenda. Kitabu kile sikukiandika upya chote, na hapo ndipo penye somo. Tulianza na kitu kimoja, ruhusa ya msiba: msimamizi wa zamu amruhusu mtu kwa mdomo, aende akazike, karatasi zitamkuta akirudi. Tukaijaribu wiki mbili. Kila asubuhi tulisimama getini dakika kumi, wima, nikiwauliza jana nini kilikwama na leo nani atakikwamua. Wakaniambia kuna mashine iliachwa bila mtu, kwa kuwa zamu ya pili haikujua nani kaondoka. Tukatundika ubao getini, kila ombi na kadi yake, imeandikwa nani kaondoka na nani anamshikia kazi. Hilo likakaa sawa, ndipo tukagusa ruhusa ya uzazi.

Meneja alikuja juu. "Utaratibu gani huu unabadilika kila wiki mbili?" Mimi, niliyekuwa nikimwogopa kama nini, nikamjibu, "Bora ubadilike utaratibu, kuliko mtu akose kumzika mzazi wake." Alininunia mwezi mzima. Sikurudi nyuma, na ningekuwa leo pale pale nisingerudi.

Sasa nasikia njia hiyo mmeipa jina, mnaiita Ajaili, kutoka Kiingereza, yaani wepesi wa kubadilika, na mnaisomea semina. Alhamdulillahi. Lakini juzi nimetembelea ofisi moja ya rasilimali watu, nikakuta karatasi za rangi ukuta mzima, vijana wamesimama asubuhi kama tulivyosimama sisi, na mfanyakazi hata mmoja hayumo chumbani. Walikuwa wakitengeneza mfumo mkubwa wa kuombea ruhusa kwa simu, utakaozinduliwa mwakani ukiwa umekamilika kila kitu. Nikajiona mimi yule yule na kitabu changu. Wamenunua zana mpya za kufanyia kosa la zamani.

Basi nisikilize. Usizindue kikubwa, toa kidogo wiki hii, kifike kwa mtu, akuambie kinambana wapi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukiambiwa umekosea, badilisha kabla hujatafuta maneno ya kujitetea. Watasema haraka haraka haina baraka. Waambie hatua ndogo siyo haraka. Haraka ni kukishusha kitabu kizima siku moja juu ya watu usiowauliza. Na kabla hujaweka sahihi ya tatu kwenye fomu yoyote, jiulize nani amekaa kwenye benchi, na huko kwao wanamngoja kwa lipi.

Mwenyezi Mungu akupe sikio jepesi na moyo usiochoka kurekebisha. Na siku mtu atakapokujia dirishani na msiba wake, akujaalie umfungulie njia, afike kwao kaburi likiwa bado wazi.