Karanga Zilizofungwa kwa Kamusi

Juzi stendi ya Shinyanga nilinunua karanga, nikaikunjua karatasi na kuisoma kabla sijala hata punje. Mama muuzaji akanitazama. "Binti, umenunua karanga au gazeti?"

Nilicheka tu, ndugu yangu. Mimi tangu nimalize chuo, barua ya kuomba kazi naisoma mara kumi, nikifika posta nairudisha nyumbani. Lakini karatasi ya karanga iliwahi kunifanya jasiri kwa siku moja.

Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wetu wa Kiingereza, mgeni kutoka pwani, alituletea mchezo: anaandika herufi mbili ubaoni, pande mbili zinapokezana kuandika maneno yanayoanza na herufi hizo, mpaka upande mmoja ukwame. Alitaka kutugawa, tukamwambia asihangaike, tulishagawanyika tangu kuzaliwa. Nyumba hii Wagika, nyumba ile Wagalu, vyama viwili vya ngoma, kama wazazi wetu kwenye mashindano ya ngoma baada ya mavuno ya pamba. Bibi yangu alikuwa Mgalu, alicheza mpaka magoti yakakataa. Basi na mimi Mgalu.

Watakaoshindwa wangechota maji ya bustani ya shule mwezi mzima, kutoka lambo lililokuwa chini kabisa bondeni. Wenzangu wakanichagua mimi niwe wa kuandika. Bahati nzuri mwenye duka alikuwa akifungia karanga kwa kurasa za kamusi kuukuu ya Kiingereza. Tulizinunua kila senti ilipopatikana, tukakariri kurasa huku midomo imejaa.

"Ghala langu limejaa karanga," bibi akalalamika, "na nyie mnakwenda kula za dukani. Zina sukari?"

Siku ikafika, Jumamosi asubuhi, ubao umetolewa nje uwanjani. Wagika walikuja na debe la kupiga. Mwalimu akaandika K na N. Wao knife, sisi knee. Wao knot, sisi knock. Tukaendelea hivyo mpaka wao wakaandika knuckle, nami nikajibu knapsack, Wagalu wakarukaruka. Wagika wakatoa knave. Zamu ikanirudia, na kichwani mwangu limebaki moja tu: knar.

Nililiona pembeni mwa ukurasa, na hapo hapo karatasi ilikuwa imechanika. Je, ni neno zima, au ni kichwa tu na mkia wake umekwenda na karanga za mtu mwingine? Nikasimama na chaki mkononi.

"Wameishiwa!" Wagika wakaimba, debe likilia. "Shikeni ndoo!"

Ndipo bibi na kina mama wenzake wakatokea wakirudi shambani, majembe begani. "Andika, mjukuu wangu!" akapaza sauti. "Kwani hapa nani anakijua hicho Kizungu?"

Nikaandika. Kina mama wakapiga vigelegele, wakatua majembe na kuanza kucheza upande wetu. Watazamaji waliokuwa wamesimama upande wa Wagika wakavuka mmoja mmoja kuja kutazama. Mwalimu akapekua kamusi yake ndogo, akatikisa kichwa. "Halimo. Wagika wameshinda."

Kiongozi wa Wagika, mrefu kama mlingoti, akaweka debe chini. "Hapana, Mwalimu. Watu wote wako kule. Tumeshindwa."

Maana kwenye ngoma zetu hakuna anayehesabu mitindo. Mshindi ni aliyevuta watu. Mwalimu akatazama uwanja, akajiona yuko peke yake na kamusi. Akaifunga, akacheka, akavuka naye. Wagika wakachota maji mwezi mzima bila kunung'unika, ila walituita wezi kila walipopita na ndoo.

Neno hilo "wezi" lilinikaa rohoni miaka mingi. Nilipofika chuo, kitu cha kwanza nilichofungua maktaba ni kamusi kubwa kuliko zote. Nikalikuta: knar, fundo kwenye shina la mti. Neno zima, halina mkia. Nilicheka mpaka mtunza maktaba akaninyooshea kidole.

Nilitamani kukimbia kumwambia bibi, lakini alishatutoka. Uwanja ule umejengwa ghala la pamba, maji yanatoka bombani, na watoto niliowauliza hawajui nani Mgika nani Mgalu. Hata hivyo najua bibi angenijibu nini. Angeendelea kumenya karanga zake na kuniuliza, "Kwani siku ile hiyo kamusi kubwa ilikuja kucheza?"