Wasifu wa Ouma wa Masara

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa hospitali kule Migori aliitazama barua yangu, akanitazama mimi, kisha akauliza, "Saikolojia ya tiba? Hiyo inatibu nini hasa?" Nikamweleza kwamba namsikiliza mtu aliyelemewa moyoni, nampima kwa maswali na kumtibu kwa mazungumzo, bila sindano. Alicheka hadi akavua miwani. "Kuongea tu? Basi hapa kila mtu ni daktari." Akanipa chumba kilichokuwa stoo ya magodoro, kinachopakana ukuta na chumba cha maiti. Nilikasirika siku ile, na sijamaliza kukasirika.

Nyinyi mnaoanza sasa na vyeti vyenu virefu, mjue kwamba wagonjwa hawakuja. Nani angekubali kuonekana akiingia kwa daktari wa wazimu? Nilikaa peke yangu mchana kutwa, nikaanza kuandika: makala za afya kwa magazeti, hadithi fupi, michezo ya redio. Nikawa mwandishi wa kujitegemea, yaani unauza kila kazi peke yake na huna mwajiri wa kumlilia. Mhariri mmoja wa Nairobi alinirudishia hadithi zangu kila mara kwa neno lile lile, kwamba zinahuzunisha mno na wasomaji wamechoka. Yawa! Kwani mimi sikuchoka?

Kilichonitangaza ni wasifu wa marehemu. Kwetu mtu hazikwi kimya kimya. Maisha yake husomwa mbele ya jeneza tangu alipozaliwa, na familia yenye msiba huwa haina nguvu ya kuketi na kalamu. Wakaja kwangu. Kuandikisha wasifu hakukuwa na aibu yoyote. Mara nyingi waliniambia niandike "baada ya kuugua kwa muda mfupi," huku hawanitazami usoni, nami nikaelewa ni ugonjwa gani. Ni ile huzuni inayomfanya mtu ajiue, ambayo angeletwa kwangu nayo akiwa hai. Nilichoka kukutana na wagonjwa wangu wakiwa tayari wako ng'ambo ya pili ya ukuta.

Ndipo akaja Ouma. Jina lake si hilo, na mwenyewe ameniruhusu nisimulie. Alikuwa mchimbaji wa dhahabu kule Masara, na vumbi la mgodi lilikuwa bado kwenye nyusi zake.

"Nasikia unaandikanga watu," akasema. "Nataka wasifu wa ndugu yangu. Ni mgonjwa sana, hatakaa."

Nikamuuliza huyo ndugu alizaliwa wapi. Kisegi, akasema, baba yake alikuwa mvuvi. Aliacha shule akaenda machimboni, halafu akamwita mdogo wake amfuate. Siku shimo lilipoporomoka, mdogo alikuwa chini na yeye alikuwa juu, ameshika kamba. Akanieleza jinsi kamba ilivyolegea mkononi. Mtu hawezi kuyajua hayo kuhusu mkono wa mwenzake.

"Huyo mgonjwa ni wewe," nikasema.

Akatazama sakafu.

Kazi yetu ina kitu kinachoitwa tathmini ya hatari. Wengi huikwepa wakidhani ukilitaja jambo utampa mtu wazo. Si kweli hata kidogo. Unamuuliza waziwazi, na sauti yako haitetemeki. Nikamuuliza, "Unataka kujiua?"

"Nataka tu karatasi ikuwe tayari," akajibu. "Watu wa kwetu wataandika uongo. Wataandika ati nilikuwa mpole."

Siku ile ile nilimfikisha kwa daktari wa dawa, nikamtafuta dada yake akae naye. Kisha nikafanya jambo ambalo sikufundishwa popote. Nilimwambia nitaandika, ila mimi siandiki mtu kwa kumsikia mara moja. Aje kila Alhamisi.

Akaja. Nikamsomea aya ya kwanza, akakunja uso. "Hapana, Daktari, haikuwa hivyo. Mama hakuuza dagaa wa omena, aliuza mihogo." Nikasahihisha. Juma lililofuata tukagombana kuhusu mwalimu wake. Nikimwita mpole alikataa katakata: "Mimi? Uliza soko yote ya Kisegi!" Nilifurahi, haki ya Mungu. Mtu anayekupigia kelele kwa sababu ya mihogo bado yupo. Lakini kila tulipofika kwenye lile shimo alisema tuliache, nasi tukaliacha. Sote wawili tulijua kwamba karatasi ile haitakiwi kuisha.

Halafu nikahamishwa kwenda Homa Bay. Wakati huo serikali za kaunti zilikuwa hazijaja, na uhamisho ulitoka kwa Mganga Mkuu wa Mkoa. Nilimwendea nikamsihi.

"Homa Bay wanalia, hawana mtu," akasema.

"Na mimi nikiondoka, Migori watakuwa na nani?"

"Nao watalia. Zamu kwa zamu."

Sikupata mrithi. Chumba kilirudishiwa magodoro yake. Ouma akaanza kunifuata Homa Bay, safari ya kutwa nzima, mwezi kwa mwezi. Msimamizi wa kule alilishika faili lake akaguna. "Huyu mtu miaka yote hii haponi?"

"Anakuja," nikamjibu.

"Sijakuuliza kama anakuja."

Nilitoka ofisini mwake bila kuaga. Ningemweleza nini mtu yule?

Miaka ikapita, nikastaafu huko huko Homa Bay. Walinikatia keki, wakanivisha shuka la heshima mabegani, wakanisifu sana. Hata keki haijaisha, chumba changu kikaanza kupangwa vyandarua. Nimewapigia simu mara nyingi kuuliza nani ameajiriwa, na jibu ni kwamba nafasi haijatangazwa. Mnaniuliza kazi ilikuwaje. Ilikuwa kuchota ziwa kwa kikombe. Hadithi zangu hazisomwi na mtu. Masara bado watu wanashuka mashimoni, na wakipanda na huzuni zao hakuna mlango wa kugonga. Sioni dalili kwamba utakuwepo.

Sasa Ouma hunijia nyumbani, hapa Rusinga. Kichwa chake kimeota mvi. Macho yangu yameharibiwa na sukari, kwa hiyo yeye ndiye anayesoma ule wasifu na mimi ndiye ninayesikiliza. Mwezi huu alisoma hadi pale pale kwenye shimo, akaishia hapo. Akanitazama miguu iliyovimba.

"Nyar Rusinga," akasema, yaani binti wa Rusinga, "na wewe ukienda, mimi nitapeleka hii kwa nani?"

Maisha yangu yote nimewauliza watu maswali magumu.

"Sijui, Ouma."

Akaikunja karatasi. "Basi wewe usife."

Nikamwambia sawa. Sikumwambia daktari wa figo amenieleza nini.