Chumvi Hutiwa Mezani

Katika nyumba niliyoolewa, saladi hulia. Usicheke. Ndivyo wanavyosema tangu mume wangu hajaota meno: ukitia chumvi mapema kwenye nyanya na matango, vinatoa maji, na ikifika mezani saladi imenywea na inaogelea bakulini. "Imelia," wanasema, kisha mkosaji anatafutwa hadharani: "Nani kailiza?" Nilipoingia pale nikiwa bibi harusi nisiyejua pa kuweka mikono, niliiliza siku ya kwanza kabisa. Mama mkwe alichungulia bakuli, akanitazama, akasema kwa upole, "Mwanangu, kwetu chumvi hutiwa mezani."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Mengine yote alikuwa mwepesi kuyasamehe. Alishona mapazia chumba cha mbele maisha yake yote, akavumilia wateja wanaopima dirisha kwa macho halafu wanakuja kumlaumu yeye, na sikuwahi kumsikia akifoka. Lakini ukigusa chumvi jikoni kabla ya wakati wake, utadhani umemkanyagia kitambaa cheupe.

Na saladi yake, sitii chumvi nikisema, ilikuwa ya kutafutwa. Msimu wa joto, pale mabati yanapoalika mchana na hakuna anayetaka kukaribia sufuria, ndiyo ilikuwa chakula chetu, na mkate au mayai ya kuchemsha pembeni. Alichagua nyanya ngumu kidogo, akazikata vipande vya mviringo kwa kisu kilekile cha mpini uliofungwa uzi. Matango aliyamenya kwa mistari, anaacha ganda hapa, anatoa pale. Vitunguu alivikata vyembamba hadi unaona kidole upande wa pili, akaviloweka kwenye maji baridi vipunguze ukali. Karoti, pilipili hoho, majani ya kotimiri mwishoni. Vyote kwenye bakuli la bati la buluu lenye kovu ukingoni, juu kitambaa kibichi. Kisha anasubiri watu wakae.

Kwa sababu mtia chumvi hakuwa yeye. Mtia chumvi alikuwa Baba.

Baba mkwe alikuwa fundi mizani. Mtaa mzima walimwita hivyo, Fundi Mizani, na wenye bucha walimheshimu kwa lazima, maana mzani uliochezewa aliujua hata kabla hajavua kofia. Jikoni hakujua lolote. Nadhani hata mahali sukari inapokaa hakupajua. Ila mezani, wote tukishakaa, Mama alimwekea bakuli mbele yake. Alikamua limau. Alichukua kichupa cha chumvi, kile chenye matundu kifunikoni, chenye punje za mchele ndani ili chumvi isigande, akatikisa: cha, cha, cha. Akageuza kwa vijiko viwili, akaonja kipande cha tango, akatafakari kama vile kuna mtu angekata rufaa. "Haya," anasema. Hapo ndipo tunakula.

"Bila mimi mngekula majani kama mbuzi," alikuwa akitutania.

"Na bila mimi ungetia chumvi bakuli tupu," Mama anamjibu, na wote wawili wanacheka, ingawa sisi tulishausikia utani huo hadi masikio yakaota sugu.

Ugonjwa ulianzia kwenye mizani. Siku moja mwenye bucha alimleta nyumbani amemshika mkono, mifuko ya koti la Baba imejaa skrubu. Alikuwa ameufungua mzani, akashindwa kuurudisha. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba ni ugonjwa wa kusahau, kwamba ubongo wake unachakaa, na kwamba dawa zilizopo ni za kupunguza kasi tu. Mama alikunja kitambaa chake cha mkononi, akakikunjua, akakikunja tena.

Mwanzoni tulidanganyika, maana nyumbani alikuwa bado ni yeye. Alikosea majina, na nani asiyekosea? Kisha ikaja ile Jumapili. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa amekuja kama kawaida yake. Baba akatia chumvi, akageuza, akasema "Haya." Tukaanza kupakua. Sahani ikiwa bado mkononi mwangu, nikamwona anachukua kichupa tena. Cha, cha, cha.

"Baba, si umeshatia!" mume wangu akasema, akacheka. Wifi naye akacheka. Hawakuwa na ubaya. Nyumba ile ilizoea kucheka mezani.

Mkono wa Baba ukasimama hewani. Alikitazama kile kichupa kama kitu alichopachikwa na mtu mwingine. Kisha akakiweka chini taratibu, akainuka, akaenda chumbani, akafunga mlango. Kuanzia siku hiyo alikataa kuja mezani. Mama alimpelekea chakula kitandani, naye akala amegeukia ukuta. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia, "Sitachekwa kwenye meza yangu mimi."

Ile meza aliinunua kwa kazi yake ya kwanza. Watoto wake wote walijifunzia kuandika hapo. Mama alijua, nami nilijua, kwamba mtu yule akiachwa ageukie ukuta, hatarudi tena kwetu. Ugonjwa ungemchukua kwa wakati wake, lakini aibu ilikuwa inamchukua sasa hivi.

Sijui Mama alimbembeleza vipi. Ninachojua ni kwamba Jumapili iliyofuata Baba alitoka amevaa shati la kupigwa pasi, akakaa kitini pake karibu na dirisha. Bakuli likawekwa. Limau, kichupa, vijiko. "Haya." Tukala. Saladi ilikuwa imelia.

Chumvi yake sawa kabisa, lakini maji, maji matupu. Nyanya zimelegea, matango yanateleza. Tukatazamana. Katika nyumba ile hilo lilikuwa sawa na kukuta nyumba imehamishwa.

"Mama! Nani kailiza?" wifi akauliza.

"Mimi," Mama akasema. "Pitisha mkate huo."

Ikawa hivyo Jumapili ile, na nyingine, na katikati ya wiki pia. Baba alitikisa kichupa mara moja, mara mbili, siku nyingine akatikisa hadi mwisho wa chakula, na chumvi haikuzidi kamwe. Mimi si mtu wa kunyamaza, mdomo wangu hauna breki, lakini wakati huo sikuwa na la kusema kwa sababu sikuwa nimeelewa. Nilidhani mama wa watu amechoka tu.

Nikaja kuelewa nikifuta meza. Nilikiinua kichupa, nikakiona chepesi mno. Nikafungua kifuniko, nikamimina kiganjani. Mchele. Mchele mtupu, mkavu, msafi. Nikaweka punje ulimini, hakuna kitu. Nilipoinua macho, Mama alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani.

"Rudisha," akasema.

"Mama..."

"Mchele una sauti ileile. Atikise anavyotaka. Hakuna atakayemcheka."

"Kwa hiyo chumvi unaitia jikoni."

"Ningeitia wapi?"

"Lakini Mama, inalia."

"Acha ilie," akasema, akanipokonya kichupa, akakirudisha karibu na kiti cha Baba, tundu kubwa likitazama dirisha kama Baba anavyopenda.

Aliniapisha nisimwambie mtu, hata mume wangu. "Huyo hajui kuficha uso," alisema. "Atamwonea huruma baba yake, na baba yake ataiona." Nikaapa. Kukitunza kiapo hicho kulikuwa kazi, maana Jumapili zile wifi alizidi kuwasha moto. Wifi si mtu mbaya. Alimpenda mama yake na hakupenda kumwona anashuka, na baadhi ya watu wakiogopa hugeuka wakali.

"Mama, tuseme ukweli," alisema siku moja, kijiko chake kikichota maji kutoka bakulini na kuyamwaga tena. "Mkono umechoka. Kuanzia wiki ijayo nitakuwa nakuja na saladi kutoka kwangu. Wewe upumzike."

Mume wangu akainamia sahani. Kabla Mama hajajibu, Baba akakohoa kidogo, kama alivyokuwa akikohoa zamani kabla ya kuwaambia wenye bucha habari mbaya.

"Mwacheni mama yenu," akasema. "Zamani alikuwa na mkono mtamu huyu, nyie acheni tu. Lakini amezeeka. Anasahau. Kila siku anasahau kwamba chumvi ni ya mezani." Akamwekea Mama kiganja juu ya mkono wake, akampapasa. "Tumvumilie. Sote tutafika huko."

Damu ilinipanda kichwani. Nikafungua mdomo, wallahi nilikuwa nasema, na chini ya meza kisigino cha Mama kikatua juu ya vidole vyangu, kikabaki hapo.

"Kweli," Mama akasema. "Siku hizi nasahau sana."

Baba akatabasamu. Miezi mingi nilikuwa sijamwona ametabasamu hivyo, tabasamu la mwenye nyumba anayetetea watu wake. Wifi alianza kulia, akimlilia mama yake, na Mama akampangusa machozi kwa ncha ya kanga na kumwambia asiwe mjinga, uzee si msiba. Mimi nilikula chakula kile chote bila kujua nimekula nini. Nilimchukia kila mtu pale mezani isipokuwa wawili, na hao wawili niliwahurumia.

Basi wifi akaleta saladi yake wiki moja, haikuwa na ladha ya nyumba, na Baba hakuigusa. Mambo yakarudi kama yalivyokuwa. Joto likazidi. Baba alianza kulala mchana na kuamka akiuliza kama ni asubuhi. Wakati mwingine aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, nikaitika.

Siku ninayotaka kuisema tulikuwa watatu tu, yeye, Mama na mimi. Mchana, dirisha wazi, pazia halitikisiki. Mama aliweka bakuli. Baba alikamua limau, akatikisa mchele wake, akageuza, akaonja. Hakusema "Haya." Alishusha kijiko, akajifuta midomo, akamgeukia Mama kwa adabu ya mtu aliye ugenini.

"Samahani, dada. Saladi hii katengeneza nani?"

"Mimi," Mama akasema.

"Si mbaya. Asante kwa kujisumbua." Akaisogeza mbali kidogo kwa vidole viwili. "Ila mke wangu hatii chumvi jikoni. Huwa ananiachia mimi. Kama yuko karibu, hebu niitie."

Nilimtazama Mama. Aliweka mikono mapajani. Kisha akainuka, akachukua bakuli, akaelekea jikoni, nami nikamfuata mbio.

Alimwaga saladi yote kwenye ndoo ya maganda. Akasuuza bakuli. Akachukua nyanya mpya, akazipima kwa kidole gumba moja moja, akaacha mbili, akaanza kukata.

"Mama, kaa chini. Nitatengeneza mimi."

"Hapana," akasema. "Ameniita mimi."

Alikata kila kitu kwa namna yake ya siku zote: tango kwa mistari, kitunguu chembamba, majani mwishoni. Hakuharakisha. Machozi yalimtoka, na hakujisingizia kitunguu. Kisha akaniagiza kichupa. Akamwaga mchele kwenye sahani, akakijaza chumvi, akarudisha punje chache kama zamani. Akanawa uso, akavua aproni, akatoka na bakuli.

Baba alikamua limau lingine. Akatikisa. Akageuza kwa vijiko viwili, akaonja tango, akatafakari.

"Haya," akasema, uso ukamfunguka. "Ulikuwa wapi wewe?"

"Nilikuwa jikoni."

"Kuna mwanamke alikuwa hapa sasa hivi. Mtu mpole. Nilimkatalia chakula chake, sijui kama nilifanya vizuri."

"Hakukasirika," Mama akasema.

"Una hakika?"

"Namjua. Hakukasirika."

Baba akashusha pumzi. Kisha mkono wake ukaenda kwenye kichupa, cha, cha, cha, na chumvi halisi ikamwagika. Akageuza, akaonja, akasema tena "Haya." Akakiinua mara nyingine. Punje nyeupe zilionekana wazi juu ya nyanya, haziyeyuki. Nikanyoosha mkono nimzuie. Mama akanishika kifundo na kunishusha mkono mezani.

Akajipakulia sahani nzima. Akala kijiko cha kwanza, cha pili, huku Baba amemkodolea macho akingoja, kama alivyomngoja maisha yao yote.

"Vipi?"

"Imekaa sawasawa," Mama akasema, na machozi yakimtiririka kwa ukali wa chumvi akasogeza sahani yake mbele. "Niongezee."

Akamwongezea. Nami nikapakua yangu, nikala. Maji yalikuwa yameanza kujikusanya chini ya bakuli, na hakuna aliyeuliza nani kailiza.