Trela ya Mama Mkwe

Rosebella Nabalayo hakuwa mtu wa kuomba makubwa. Mwaka ule alimwomba Mungu kitu kimoja tu: alale mahali ambapo binti yake akiita usiku, atamsikia.

Binti huyo alikuwa Mildred, mtoto wake wa pekee, aliyeolewa kijijini Kiplombe na Kiplimo, Mkalenjin mrefu, mpole, mkulima wa mahindi na ng'ombe wachache wa maziwa. Walikuwa na msichana mmoja, Linet, naye alikuwa shule ya bweni. Saratani ilianzia kwenye titi la Mildred. Likakatwa, na watu wakashukuru kanisani kwa vigelegele. Halafu ugonjwa ukarudi kwa mlango mwingine, ukaingia mifupani. Madaktari wa hospitali kubwa wakasema arudi nyumbani, apewe dawa za maumivu, akae na watu wake.

Na watu wake ni nani kama si mama yake? Rosebella alikuwa anaishi mtaa wa West Indies, mjini Eldoret, chumba kimoja cha kupanga, akifulia watu nguo. Kila asubuhi alijifunga leso akaenda Kiplombe, akamwosha mtoto wake, akampikia uji, akamkanda mgongo polepole. Lakini jua likianza kuteremka, ilibidi atoke. Kwa Wabukusu, watu wa Rosebella, mama mkwe halali ndani ya nyumba ambayo mkwe wake analala. Hawashikani mikono. Hawakalii kiti kimoja. Na maneno ya kitanda hayatajwi kabisa mahali ambapo huyo mwingine anaweza kuyasikia. Ng'ombe wa mahari walishafika kwa ndugu za Rosebella zamani, wakaliwa, na heshima ikafungwa hapo.

"Mama, hii nyumba ina vyumba vitatu," Kiplimo alikuwa akimwambia, amesimama mbali kule karibu na zizi, uso ameugeuzia ng'ombe. "Lala tu. Hakuna mtu atakusema."

"Najua, Baba Linet. Mungu akubariki. Lakini sitaweza."

Hata mchungaji alimwambia kwamba Mungu hawezi kumhukumu. Rosebella akajibu, "Hilo sina shaka nalo, Pastor. Ni mimi nitajihukumu." Akarudi zake West Indies, akalala macho wazi.

Kiplimo akasema basi atamjengea kibanda kando ya ua. Hiyo ikawa mbaya zaidi. Mama mkwe ajengewe kwa mkwe, kwani kwake hakuna? Ni Mildred aliyepata njia. Alikuwa ameketi barazani, mto nyuma ya mgongo, akaona trakta ikipita barabarani imevuta trela ndogo ya mabati yenye dirisha na mlango. Ni zile ambazo watu wa kombaini hulala ndani wakizunguka mashamba wakati wa kuvuna ngano.

"Mama, ile ina magurudumu," alisema. "Kitu chenye magurudumu si nyumba. Hiyo ni safari. Wewe utakuwa safarini tu, umeegesha hapa."

Rosebella alicheka mpaka akajifuta macho. Aliwauliza akina mama wa kanisa, nao wakacheka, lakini mwishowe wakakubaliana kwamba safari ni safari. Kiplimo akauza ndama.

Siku ya kwenda kwa fundi, Mildred alimshika mama yake mkono kabla hajatoka.

"Sikiza, Mama. Usichukue ile ya kitanda kimoja. Mwambie vitanda viwili, kimoja huku, kingine huku, njia katikati. Mimi nitakuwa nakuja kulala na wewe."

"Na bwana yako?"

"Nimeongea na yeye. Amesema sawa. Hapati usingizi, Mama. Nikigeuka anaamka, nikiguna anaamka, halafu asubuhi anaenda shamba kama mtu mlevi. Mimi nataka kama kile chumba chetu. Nikifungua macho, nione uso wako."

Rosebella alijua chumba gani. Ni kile walichopanga baada ya kutoka kambi ya wakimbizi, wakati nyumba yao ya Burnt Forest ilikuwa imechomwa katika vita vya kikabila na baba yake Mildred hayuko tena. Vitanda viwili vya mbao, njia ya kupitisha mtu mmoja, na msichana wa shule anayeongea gizani mpaka usingizi umkate neno katikati.

"Vitanda viwili," Rosebella akarudia. Njiani akalisema tena rohoni kama mtoto aliyetumwa dukani.

Fundi aliitwa Opondo. Uwanja wake ulikuwa umejaa cheche na kelele za vyuma, vibanda vya chipsi vimesimama kwa magurudumu, na trela za kulala zimepangwa kando. Kiplimo, aliyemsindikiza na pesa, alibaki langoni, kama ilivyompasa, lakini ua haukuwa mkubwa, na kila neno lilifika.

"Mama, karibu!" Opondo alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kushinda mashine. "Trela mimi naweka vile mteja anataka. Hii ni ya deka, kitanda juu, kitanda chini. Ya juu ni ya yule anakoroma. Akianguka anaamka, wengine wanalala." Vijana wake wakacheka. "Hii nyingine ni nne kwa sita, kitanda ya heshima. Na hii ni mbili, huku na huku. Ama naweza weka moja ndogo, halafu hapa upande huu rafu ya vyombo. Sasa sema. Ni ya mtu mmoja ama ya watu wawili?"

Rosebella alifungua mdomo.

"Kama ni ya wawili," Opondo akaendelea, akimkonyeza, "hiyo ni maneno ya watu wazima, mimi sitauliza ni nani! Mama bado ana nguvu, mnamwona? Mgeni akija jioni, atalala wapi?"

Uwanja mzima ulicheka. Hawakuwa na ubaya, ni watu wa kazi na mdomo wao. Lakini Rosebella alikuwa mjane wa miaka mingi, mwimbaji wa kwaya, na pale langoni, hatua chache tu, mkwe wake alikuwa amesimama. Aliona kwa pembe ya jicho Kiplimo akiinama kuangalia viatu vyake. Neno alilolibeba kutoka Kiplombe likakataa kutoka, kwa sababu kulisema sasa ni kusema kitanda mara mbili mbele ya mkwe, na kueleza ni nani atakilalia ni kumtoa mke wa mtu kitandani mwake mbele ya vijana wanaocheka.

"Kimoja," akasema. "Kidogo. Mimi ni mtu wa kulala peke yangu."

"Na huku?"

"Weka rafu."

Opondo akampima kwa utepe, kichwa mpaka kiatu. "Mama, wewe ni mfupi kama sala ya mwenye njaa," akasema, "utaniokolea chuma." Hata Rosebella akatabasamu. Alijiambia kwamba atarudi kesho, mkwe akiwa shambani, amnong'oneze fundi. Kesho yake Mildred aliamka na homa, na keshokutwa pia, na trela ikaja imevutwa na trakta, imepakwa rangi ya samawati, chuma kimeshaunganishwa na chuma.

Mildred alitoka akijishikilia ukutani kuja kuiona. Akapanda ngazi zake tatu moja moja, akachungulia. Akaona kitanda chembamba upande mmoja. Upande wa pili akaona rafu pana, sanduku la mkaa chini yake, na kati ya vitu hivyo nafasi ambayo hata paka hangejinyoosha.

"Mama. Changu kiko wapi?"

Rosebella hakuweza kusema uongo. "Nilishindwa kutamka. Walikuwa wanacheka, na Baba Linet alikuwa anasikia."

Mildred akaanza kucheka, kicheko kile cha kushika mbavu kwa sababu zinauma. "Mama yangu! Yaani umeona haya ya kitanda, umeninunulia rafu!"

Walijaribu. Alasiri moja walilala wawili pale, migongo imeshikana. Lakini kila Rosebella aliposogea hata kidogo, alimsikia mtoto wake akiuma meno, mpaka akaondoka akaenda kukaa kwenye ngazi. Kiplimo akaahidi kuirudisha kwa fundi, rafu ikatwe. Kabla trakta haijapatikana, Mildred alikuwa hawezi tena kupanda ngazi. Basi hata vitanda kumi visingesaidia.

Sasa ikawa hivi: mama yuko ndani ya ua, mtoto yuko ndani ya nyumba, na kati yao kuna nyasi na ukuta. Jioni Rosebella alisimama nje chini ya dirisha la chumba, wakaimba polepole, mmoja ndani mmoja nje, mpaka Kiplimo arudi, naye aondoke. Ndani ya trela baridi ya Eldoret ilitoka jasho kwenye mabati. Alisikia kuguna kwa mtoto wake kupitia ule ukuta. Kusikia alikuwa ameomba, na amepewa. Kwenda ndiko alikoshindwa.

Jioni moja Kiplimo alikuja, akasimama mbali kama kawaida yake. Alikuwa amebeba blanketi lililokunjwa.

"Mama, nimefikiria. Kinachokukataza si nyumba. Ni mimi kuwa ndani ya nyumba. Ama siyo?"

"Ni hivyo, Baba Linet."

"Basi mimi nitatoka. Nitalala hapa kwa trela. Wewe ingia kwa mtoto wako."

Rosebella aliligeuza jambo hilo huku na huku, hakuona pa kulikatalia. Alishangaa tu kwamba hakuna aliyeliona mapema. Akatoa leso zake, akampisha. Kitanda kilikuwa kimekatwa kwa kipimo chake yeye, na Kiplimo alikuwa mtu mrefu. Alilala amejikunja kama kisu cha kukunja, na bado miguu iligusa mlango. Asubuhi alikuwa akitoka anachechemea, na Mildred akimwona dirishani alimwita "bwana yangu mfupi," naye akijibu, "Kula uji wewe," kisha anaenda kukamua.

Kitanda cha wenye nyumba Rosebella hakukigusa. Alitandika godoro lake chini, kando. Nikifungua macho nione uso wako, Mildred alikuwa amesema, na kweli aliuona, akining'iniza mkono pembeni mama aushike. Waliongea mengi. Waliongea juu ya Burnt Forest na viazi vilivyobaki ardhini, juu ya baba yake alivyokuwa anapiga mluzi, juu ya Linet asiachwe avae sketi fupi. Rosebella alimshukuru Mungu kwa siku zile, na bado anamshukuru, ingawa sasa shukrani hiyo ina mfupa ndani yake.

Siku moja kulikuwa kunaanza kupambazuka. Mildred alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, niitie Baba Linet."

"Unaumwa?"

"Hapana. Niitie tu."

Rosebella alitoka barazani. Trela ilikuwa pale, karibu, mlango umefungwa. Akatembea mpaka katikati ya nyasi, akasimama. Ndani ya ule mlango hakukuwa na sebule wala ukumbi. Kulikuwa na kitanda tu, na mkwe wake amekilalia, labda hajavaa vizuri. Kwa miaka yote ya ndoa ile hakuwahi kugonga mlango ambao Kiplimo amelala nyuma yake. Alikohoa kwa nguvu, vile mtu wa heshima hukohoa. Akachukua ndoo ya maziwa, akaigonga kwenye jiwe. Hakuna aliyeitika. Mtu aliyekesha wiki nyingi, akipata usingizi, anakuwa kama gogo. Karibu ataamka akamue, Rosebella akajiambia, ni dakika tu.

Akarudi ndani.

"Anakuja?" Mildred akauliza.

"Anakuja, mama."

Mildred akageuza macho kuelekea mlangoni, akangoja. Rosebella alimshika mkono, naye pia akaangalia mlango, akiomba usikike mlio wa viatu vya shamba. Mkono ulilegea kidogo, halafu ukalegea wote, na yale macho yakabaki pale pale mlangoni.

Hapo ndipo Rosebella Nabalayo alitoka mbio, kichwa wazi, leso imeanguka. Hakukohoa. Alipiga mabati kwa viganja vyote viwili mpaka trela ikatikisika. Kiplimo akafungua, fulana mwilini, nywele zimelala upande, akamwona mama mkwe wake amesimama mbele yake hivyo, na hakuhitaji kuambiwa.

Akashuka. Akasimama kwenye nyasi peku, kana kwamba amesahau nyumba iko wapi.

"Aliniita?"

Rosebella angeweza kumpa neno jepesi. Lilikuwa limebaki hapo tu, ulimini.

"Aliita, mwanangu. Nilikuja mpaka hapa. Nikaona haya kugonga."

Kiplimo alifumba macho. Hakupiga kelele wala hakumlaumu, na Rosebella alitamani angemlaumu. Akaenda, akaingia ndani, na Rosebella akamfuata mpaka kizingiti cha chumba, miguu ikasimama yenyewe, kwa kuwa mkwe yuko ndani na kitanda kiko mbele yake. Alimwona akipiga magoti. Alimsikia akimwambia mkewe, kwa lugha yao, maneno ambayo yalikuwa ya kuambiwa mtu anayesikia.

Baadaye Kiplimo aligeuka.

"Mama, ingia," akasema. "Siwezi kumfumba macho peke yangu."

Akaingia.