Shangazi Aliulizia Kaburi Lake

Shangazi yangu alisimama mbele ya kamera, mzima wa afya, akauliza kaburi lake liko wapi.

Wengi mliona kile kipande mkacheka. Sasa sikieni kilianzia wapi.

Niliandika riwaya ya vita vya zamani. Miaka nilikula vumbi la nyaraka: ngome ilijengwaje, askari walikula nini, kisima kilikauka lini. Kweli tupu.

Kasoro mtu mmoja. Nilitaka mjane wa kuwanyima askari maji, na nyaraka hazikumtaja mwanamke hata mmoja. Basi nikamchukua shangazi, nikamvika nguo za enzi hizo. Ukali wake, tabia yake ya kunusa maji kabla ya kunywa, na neno lake: "Aliyekupa kiu ndiye akupe maji."

Ukurasa wa mwisho nikaeleza wazi kwamba mjane nimembuni.

Mtayarishaji mmoja wa tamthilia, tunamwita Miwani maana haivui hata ndani, akakisifu kitabu, akaomba nakala. Nikampa. Simu zangu hakupokea tena.

Mara naona tangazo: tamthilia mpya, vita vile vile vya kitabu changu, "utafiti na hadithi" ni vyake! Nikamfuata ofisini roho juu.

"Dada, historia haina mwenyewe," akaniambia huku anachezea simu. "Ama vita ulipigana wewe?"

Nilitoka pale nimevimba kwa hasira. Nikaapa, huyu lazima nimkomeshe.

Siku ya uzinduzi, matangazo ya moja kwa moja, nikaenda na shangazi.

"Leo usijizuie," nikamwambia.

"Nilijizuia lini mimi?"

Kwenye skrini, mjane akainua kata, akanusa maji. Shangazi akanigeukia. "Huyu mbona ananiiga?"

Taa zikawaka. Mtangazaji akamuuliza Miwani kuhusu mjane.

"Nilimgundua mwenyewe kwenye nyaraka," akajibu kwa madaha. "Hata kaburi lake nimelizuru. Nililia sana."

Shangazi huyoo, kasimama, kipaza sauti kakipokonya.

"Mwanangu, hilo kaburi langu liko wapi? Na mimi nikajililie."

Nikasimama, nikasoma ukurasa wa mwisho kwa sauti, neno kwa neno.

"Mama huyu kachanganyikiwa," Miwani akasema. "Mpeni maji atulie."

Wakamletea glasi. Shangazi akaiinua, akainusa, ndipo akanywa.

Ukumbi ulilipuka. Miwani akavua miwani, jasho linamtiririka, na mimi nikamtazama mpaka nikashiba. Sikumwonea huruma hata chembe.

Siku hizi jina langu linatangulia kila sehemu ya tamthilia. Juzi Miwani kanipigia, anabembeleza nimwandikie msimu wa pili, kakwama.

Nikampa shangazi simu. "Aliyekupa kiu ndiye akupe maji," akamwambia, akakata.

Ndugu zangu, ukitaka kuwaibia wafu, hakikisha kwanza wamekufa.